Tawakali ya Mwenye Maradhi ya Mgongo

Tabibu amwambiapo mgonjwa kwamba diski moja ya uti wa mgongo wake imepasuka, na ute wa ndani umetoka na kuugandamiza mshipa wa fahamu ushukao mguuni, kisha papo hapo akamwambia kwamba kisu hakihitajiki kwa sasa, bali arejee nyumbani, atembee kadiri awezavyo, ameze vidonge kwa siku chache, afanye mazoezi atakayoonyeshwa, na angoje, mgonjwa huyo hutoka mle chumbani na swali ambalo si la utabibu peke yake. Hujiuliza kama ametibiwa au ametupwa. Na akiwa mtu wa dini, huzidi kujiuliza kama kungoja kwake ni subira yenye thawabu, au ni uvivu tu uliojipatia jina jema. Na kama siku moja atakubali kupasuliwa, je, atakuwa ameikatia tamaa rehema ya Mola wake, au atakuwa ameipokea rehema hiyohiyo kwa mkono wa mpasuaji? Swali hili si la watu wachache. Maumivu ya kiuno na mgongo ndiyo yanayotangulia maradhi yote ulimwenguni kwa kuwazuilia watu kazi zao, na ijapokuwa si maumivu yote ya mgongo yatokanayo na diski, kila aliyeambiwa kuwa yake ni ya diski huzungukwa mara moja na washauri, mmoja akimhimiza aombewe, wa pili akimhimiza apasuliwe, wa tatu akimpa jina la mkandaji asiyeshindwa, na kila mmoja wao akisema kwa yakini asiyokuwa nayo.

Nataka kuonyesha kwamba subira katika maradhi haya ni tiba ya kweli, lakini ni tiba kwa yule tu ajuaye anachokingojea, na ajuaye ni alama zipi zikitokea muda wa kungoja umekwisha. Na ili kulionyesha hilo sina budi kuanza na mwili wenyewe, kwa maana aliyeuumba ndiye aliyeamrisha subira, na haiyumkini amri yake ikagombana na kazi yake.

Baina ya pingili za uti wa mgongo wa mwanadamu mna diski 23. Kila moja ina ukingo mgumu wa nyuzi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na katikati yake mna ute mzito wenye maji mengi, ambao kazi yake ni kuupokea uzito wa mwili na kuugawa. Kwa mtu mzima diski karibu haina mishipa ya damu ndani yake. Chakula chake huijia kwa kupenya taratibu kutoka katika mifupa iliyo juu na chini yake, na ndiyo sababu ikijeruhiwa hupona polepole mno kuliko nyama au ngozi. Ukingo ukichakaa au ukipasuka, ute husukumwa nje, na aghalabu hutokea katika diski mbili za chini kabisa, hapo hapo ipitapo mizizi ya mshipa mkuu wa mguu. Wala maumivu hayatokani na kugandamizwa peke yake, kwani ute ule, ukiugusa mzizi wa mshipa, huuwasha na kuuvimbisha, na kwa hiyo mtu huona moto ukimshuka kutoka takoni hadi kisiginoni, akaukanda mguu mchana na usiku, ilhali mguu wenyewe hauna ila yoyote.

Sasa tuitazame hekima iliyomo. Ute ule, ulipokuwa ndani ya diski, ulikuwa umefichika mbali na damu. Unapotoka na kuingia katika mfereji wa uti wa mgongo, damu huufikia, chembe za kinga huuona kuwa ni mgeni, nazo huanza kuula kidogo kidogo hata ukanywea. Mwaka 2015 watafiti walikusanya habari za wagonjwa ambao hawakupasuliwa na ambao picha za migongo yao zilipigwa tena baada ya muda, wakakuta kwamba pale ambapo kipande kilikuwa kimekatika kabisa na kujitenga na diski, kilipungua au kutoweka kwa wagonjwa 96 katika kila 100. Pale ambapo ute ulikuwa umechomoza mbali bila kukatika, kwa 70. Pale ulipochomoza kidogo, kwa 41. Na pale ambapo diski ilikuwa imetuna tu, kwa 13. Basi kile ambacho macho yetu yangekihukumu katika picha kuwa kiovu zaidi ndicho ambacho mwili hukiondoa kwa wepesi zaidi. Nakiri kwamba kila niyasomapo haya moyo wangu hunyenyekea, kwa maana ni wangapi walioonyeshwa kipande kikubwa katika picha, wakaagana na kazi zao na matumaini yao, na kumbe ukubwa wake ulikuwa ni bishara njema? Angojaye, basi, hangojei utupu. Kazi inafanyika ndani yake bila ya amri yake wala ujuzi wake, kama zilivyofanyika kazi nyingine nyingi ndani yake tangu alipokuwa tumboni mwa mama yake.

Maradhi haya ni ya kale, na wacha Mungu wa kale waliyajua. Taurati imesimulia habari ya Yakubu, aliyeshindana mweleka hata alfajiri na mtu asiyemjua, akaguswa penye nyonga, akawa achechemea, na kwa ajili hiyo Mayahudi washikao sheria yao hawauli mshipa ule wa paja la mnyama hata leo. Nao wafasiri wa Kurani, wakipokea kwa Ibn Abbas, wamesema kwamba Israili, ambaye ndiye Yakubu huyo, alishikwa na maumivu ya mshipa wa nyonga yakawa yanamnyima usingizi, akaweka nadhiri kwamba Mwenyezi Mungu akimponya atajinyima chakula na kinywaji akipendacho kuliko vyote, navyo vilikuwa nyama ya ngamia na maziwa yake. Nalileta jambo hili kwa sababu wapo wagonjwa wetu wanaoambiwa, na jirani au na mhubiri, kwamba mgongo umewashika kwa dhambi fulani au kwa jicho la hasidi. Ikiwa Nabii, baba wa makabila kumi na mawili, aliumwa mshipa uo huo na asipungukiwe na daraja yake, ni nani atakayethubutu kumwambia mchukuzi wa magunia au mwalimu asimamaye mbele ya ubao kutwa nzima kwamba maumivu yake ni hasira ya Mungu?

Na Nabii mwingine, Ayubu, ambaye jina lake limekuwa jina la subira yenyewe, watu humtaja kana kwamba subira yake ilikuwa ni kulala kimya. Lakini kisa chake katika Kurani hakikwishia hapo. Saa ya faraja ilipofika aliamrishwa aipige ardhi kwa mguu wake, na maji yakatoka, ya kuoga na ya kunywa. Mwenyezi Mungu hakuwa na haja ya mguu wa mgonjwa ili ayatoe maji. Angaliweza kuyatoa Ayubu akiwa amelala, kama alivyoweza kumponya bila ya maji. Alitaka tendo kutoka kwa mgonjwa, dogo, la kadiri ya nguvu zake, na kwa tendo hilo akaipitisha rehema yake. Sijapata kuona somo lililo wazi kuliko hili kwa mtu anayeogopa kuuweka mguu wake chini.

Wanavyuoni nao hawakuliacha suala hili likielea. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake mashuhuri cha Ihya, mlango wa tawhidi na tawakali, amezigawa sababu ziondoazo madhara katika daraja tatu. Ya kwanza ni sababu za yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa. Kuziacha hizo si tawakali, na mtu akiziacha panapohofiwa mauti amefanya haramu. Ya pili ni sababu za dhana, zenye kutarajiwa nafuu kwa sababu desturi imeonyesha kuwa aghalabu hufaa, na humo ameziweka tiba zilizojulikana kwa matabibu wa zama zake. Kuzitumia hizo hakuivunji tawakali, wala kuziacha si haramu, na huenda kuziacha kukawa bora kwa mtu fulani katika hali fulani. Ya tatu ni sababu za kuwazia tu, zisizo na dalili ya kutosha, na mfano aliotoa ni kuchoma kwa chuma cha moto na uganga wa maneno. Na sharti la mwenye kutawakali ni kuziepuka. Mizani hii, iliyotengenezwa zaidi ya miaka 900 iliyopita na mtu ambaye hakupata kuiona picha ya diski, naiona kuwa ingali imara kuliko mashauri mengi yauzwayo leo, kwa kuwa haimwulizi mgonjwa kama ana imani au hana, bali humwuliza: sababu uliyoishika iko katika daraja gani?

Nianze na ile ya mwisho, maana ndiyo iwakutayo wagonjwa kwanza. Katika pwani yetu mwenye maumivu ya kiuno alipigwa chuku, akachanjwa, na pengine akachomwa chuma. Imran bin Huswain, sahaba wa Mtume, alikuwa na maradhi ya bawasiri, akajichoma kwa chuma baada ya kusikia katazo la Mtume juu ya kujichoma, kisha mwenyewe akashuhudia kwamba hakufanikiwa. Na ushahidi wake nauheshimu zaidi kwa kuwa ni wa mtu aliyejaribu. Kukandwa kwa mikono myepesi, mafuta ya uvuguvugu, kitambaa cha moto kiunoni, hivi sivikatai, kwa sababu huliwaza na kuilegeza misuli iliyokaza, na kumliwaza mgonjwa ni jambo jema. Ninachokikataa ni madai ya mkandaji kwamba ataikanyaga diski kwa kisigino chake na kuirudisha mahali pake. Diski si mfupa ulioteguka. Imeshikamana na pingili ya juu na ya chini kwa nguvu nyingi, haikuhama mahali, na kilichotoka ni ute, ambao haurudishwi kwa kisigino cha mtu.

Hapa pana jambo nyeti ambalo sitalipita, kwani nimeona likiuzwa madukani kwa jina la dini. Ibn Majah amepokea, kwa njia ya Anas bin Malik, hadithi itajayo kuwa ponyo la maradhi ya mshipa wa nyonga ni mafuta ya mkia wa kondoo wa mabedui, yayeyushwe, yagawanywe mafungu matatu, yanywewe fungu moja kila asubuhi kabla ya chakula. Muumini aisomapo hutamani kuinuka mara moja akamtafute kondoo. Lakini Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, mtu ambaye hakuna awezaye kumshuku kwa kuidharau Sunna, alipoifafanua katika maandishi yake ya utabibu alisema kwamba kauli za Mtume ni za namna mbili, ziko zilizoenea kwa watu wote na ziko zilizowahusu watu wa mahali na hali maalumu, na hii ni ya namna ya pili, waliohusika nayo wakiwa Waarabu wa Hijazi na majirani zao, hasa wakaao jangwani. Tazama adabu yake na ujasiri wake kwa pamoja! Hakuikana hadithi, wala hakuifanya iwe ahadi kwa kila mgongo wa kila nchi. Auzaye chupa ya mafuta leo na kumwapia mnunuzi kwamba diski yake itapona kwa siku tatu kwa kuwa Mtume amesema, ameliweka jina la Mtume rehani kwa jambo ambalo wanavyuoni walilitilia masharti.

Wala tusidhani kwamba kuwazia tu kumo katika vichochoro vya waganga peke yake. Kumo pia katika picha za mashine. Mwaka 1994 huko Marekani watu 98 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo kabisa walipigwa picha kwa mashine ya sumaku. Watu 52 katika kila 100 walikutwa na diski iliyotuna, 27 na diski iliyochomoza, na 36 tu ndio waliokuwa na diski zote salama. Hao walikuwa wakilala, wakiinama na kucheka kama kawaida. Kwa hiyo picha peke yake si hukumu, na tabibu atoaye shauri la kisu kwa kuitazama picha bila ya kumtazama mgonjwa, kumnyanyua mguu wake, kuzipima nguvu za unyayo na hisia za ngozi, ameiita dhana kwa jina la yakini, na kosa hilo halipungui kwa kuwa amelifanya akiwa amevaa koti jeupe.

Katika daraja ya dhana ndimo ziingiamo takriban tiba zote zisizo za kisu, na mwenye kuzitumia yampasa kuzijua kwa kadiri yake. Kulala kitandani, ambako wazee wetu na madaktari wa kale walikubaliana kukuamrisha, kumepimwa: huko Uholanzi, katika utafiti uliotangazwa mwaka 1999, wagonjwa 183 wa maumivu ya mshipa wa mguu waligawanywa, wengine walazwe majuma mawili, wengine waendelee na shughuli zao kadiri wawezavyo, na baada ya majuma 12 watu 87 katika kila 100 walikuwa wamepata nafuu, upande huu na upande ule sawasawa. Kulala hakukuwaongezea kitu, ilhali kulala kwa muda mrefu hudhoofisha misuli na moyo wa mtu. Vidonge vya jamii ya ibuprofeni na diklofenaki hupunguza maumivu kwa baadhi ya watu, lakini huchoma tumbo na kuzidhuru figo vimezwapo miezi na miezi bila ya kuulizwa tabibu, kama wafanyavyo wengi wanunuao dukani. Pregabalini, dawa iliyotumainiwa sana kwa maumivu ya mishipa, ilijaribiwa Australia kwa watu 209 na matokeo yakatangazwa mwaka 2017: haikushinda kidonge kisicho na dawa, na kizunguzungu kilizidi kwa walioimeza. Sindano ya steroidi ichomwayo karibu na mizizi ya mishipa huleta nafuu ndogo ya muda mfupi, ambayo kwa mtu asiyeweza kulala wala kukaa si haba, ila haiubadili mwisho wa safari.

Mazoezi ndiyo niyatumainiayo zaidi, si kwa kuwa yana miujiza, bali kwa kuwa humrudishia mgonjwa mamlaka juu ya mwili wake. Mwaka 1956, mjini Wellington katika nchi ya Nyuzilandi, mtaalamu wa viungo aitwaye Robin McKenzie alimwelekeza mgonjwa mmoja, mwenye maumivu ya mgongo yaliyoshuka mguuni, alale kifudifudi chumbani akimngoja. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande mmoja kwa ajili ya mgonjwa mwingine, na yule akalala hivyo hivyo, mgongo umepindika kuelekea nyuma, namna ambayo wakati ule ilidhaniwa kuwa ya hatari. McKenzie aliporudi na kushtuka, mgonjwa alimwambia kwamba mguu haumwumi tena. Aitwaye mtu wa dunia ataliita tukio hilo sadfa, nami naliita jaala. Lakini sote wawili hatuna budi kukubali kwamba jaala ile ingepotea bure lau McKenzie hakuwa mtu wa kuuliza kwa nini. Aliwachunguza wagonjwa wengine miaka na miaka, akaona kwamba maumivu yanapopanda kutoka mguuni na kurudi kiunoni, hata kama kiuno kitauma zaidi kwa siku kadhaa, hiyo aghalabu ni dalili ya heri, na yanapozidi kushuka mguuni, zoezi lile halimfai mtu yule. Mgonjwa aliyeijua alama hii anangoja kwa macho yaliyo wazi.

Je, na kisu? Ugonjwa huu ulipoelezwa kwa uwazi na William Jason Mixter na Joseph Barr mjini Boston mwaka 1934, ulikuja pamoja na kisu chake, na kwa miaka mingi kujua na kupasua vilikwenda sambamba. Kisha Henrik Weber wa Norwei akafanya jambo la uadilifu mkubwa: wagonjwa 126, ambao haikuwa wazi kama wapasuliwe au la, aliwagawa kwa kura na kuwafuatilia miaka kumi, akatangaza habari zao mwaka 1983. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na hali bora kwa wazi. Baada ya miaka minne tafauti ilikuwa ndogo isiyoweza kutegemewa. Na katika miaka sita iliyofuata hayakuonekana mabadiliko makubwa. Mwaka 2007 Wilco Peul na wenzake wa Uholanzi wakatangaza habari za wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali kwa majuma 6 hadi 12. Waliopangiwa kisu cha mapema walipata nafuu upesi zaidi. Waliopangiwa kungoja, 39 katika kila 100 walishindwa na maumivu wakapasuliwa baadaye, wengine wote hawakupasuliwa mwaka ule. Na mwaka ulipokwisha, katika kila upande watu 95 kwa 100 walisema wamepona.

Hapo ndipo swali la dini linapopata sura yake ya haki. Kwa mgonjwa asiye na alama za hatari, kupasuliwa na kungoja ni njia mbili zinazokutana mbele, moja fupi yenye hatari za kisu na gharama zake, nyingine ndefu yenye mateso ya miezi. Na wala anayeichukua ya kwanza hakupungukiwa na subira, wala anayeichukua ya pili hakuidharau elimu. Wote wawili wamo katika dhana, na Ghazali amewafungulia mlango wote wawili. Lakini naomba tusiliache neno hili kwa wepesi, kwa sababu urefu wa njia haulingani kwa watu wote. Karani mwenye mshahara wa mwezi aweza kungoja miezi minne akitembea polepole asubuhi na jioni. Hamali wa bandarini, mvuvi, mama auzaye samaki akichuchumaa tangu alfajiri, hao siku wasiyofanya kazi ni siku wasiyokula, na mwenye kuwahubiria subira bila ya kuwasaidia chakula cha watoto wao amewatwika mzigo ambao yeye haugusi hata kwa kidole. Subira ya mgonjwa maskini ni deni juu ya jamaa zake, majirani zake na msikiti wake au kanisa lake. Zaka na sadaka ambazo hutolewa kwa furaha kwa ajili ya kumpeleka mtu kupasuliwa, hutolewa kwa shida kwa ajili ya kumlisha aliyeambiwa angoje, na hilo naliona kuwa upofu katika ukarimu wetu.

Kadhalika katika ibada. Wapo watu wema ambao, wakiwa na diski iliyopasuka, hung'ang'ania kurukuu na kusujudu hata jasho likawatoka, wakidhani kwamba kadiri wanavyoumia ndivyo swala yao ipandavyo. Imran yule yule, mwenye bawasiri, alipomwuliza Mtume juu ya swala yake, aliruhusiwa kuswali kwa kukaa akishindwa kusimama, na kwa ubavu akishindwa kukaa. Na mafakihi wakajenga juu ya ruhusa hiyo kwamba mgonjwa aashirie rukuu na sijida yake, na sijida iwe chini zaidi ya rukuu. Hii si swala ya daraja ya pili. Aliyeamrisha kusujudu ndiye aliyeruhusu kutosujudu, na mwenye kuikataa ruhusa ya Mfalme hajazidi heshima. Laiti wasimamizi wa misikiti wangeweka viti vichache katika safu, na waumini wakaacha kumkodolea macho kijana aliyekaa juu ya kiti, ambaye kwa nje haonekani na kilema chochote!

Imebaki daraja ya yakini, ambayo kwa makusudi nimeiweka mwisho. Pana hali ambazo ndani yake kungoja si subira tena, na kisu au dawa huwa kwa mgonjwa kama maji kwa mwenye kiu. Kipande cha diski kikiyagandamiza mafungu yote ya mishipa iliyo mwisho wa uti wa mgongo, mtu huona ganzi baina ya mapaja, penye sehemu za siri na makalioni, pale hasa aketipo juu ya baiskeli, mkojo huzuilika au humtoka bila ya kujua, choo hakizuiliki, na pengine miguu yote miwili hulegea. Akicheleweshwa, huenda asirudiwe na uwezo huo maisha yake yote. Unyayo uanzao kulegea na kuburuzika siku hadi siku nao unataka tabibu upesi. Na katika nchi zetu kuna adui mwingine avaaye sura ya diski: kifua kikuu cha pingili, alichokieleza Percivall Pott wa London mwaka 1779, ambacho humletea mtu maumivu ya mgongo yasiyotulia hata alalapo, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Huyo hatibiwi kwa mazoezi wala kwa subira, bali kwa dawa za miezi mingi, na akikandwa mgongo wake huumizwa zaidi.

Maimamu, mapadri, wachungaji, na nyinyi wazee ambao wagonjwa huwajieni kabla hawajamwona tabibu yeyote, zijueni alama hizi kwa moyo kama mzijuavyo nguzo za dini yenu. Mtu mwenye maumivu ya mgongo akiwaambieni kwamba tangu mchana hapati mkojo, au kwamba hahisi ngozi yake aketipo, msimwambie avumilie hata asubuhi, wala msimwitie mkandaji. Mtafutieni gari afike hospitali usiku huo huo, na dua msomeeni njiani.